Fikirini na Msimu wa Wabuluu

Fikirini aliendesha bodaboda stendi ya Kibiti kwa miaka tisa kabla ya mgongo wake kuvunjika. Namjua tangu wakati huo, kwa sababu kibanda changu cha cherehani kinatazamana na kijiwe chao, na suruali zake zote ni mimi niliyezitia viraka makalioni, pale ambapo siti ya pikipiki hula kitambaa. Alikuwa mtu wa maneno. Abiria wa Dimani walimchagua kwa sababu hiyo tu. Njia ile ni ndefu na ina mashimo, na Fikirini angekusimulia mambo mpaka ukashtukia umefika.

Siku alipoanguka alikuwa ameshusha abiria na anarudi mtupu. Ng'ombe alikatiza barabara, akamkwepa, pikipiki ikaingia korongoni naye chini yake. Alilazwa Dar es Salaam miezi minne. Aliporudi, kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na habari na mwili wake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Mkewe, Habiba, alimhudumia mwaka na nusu. Kisha Fikirini mwenyewe akamwita kaka yake Habiba kutoka Mohoro, akatoa talaka mbele yake, bila ugomvi wowote. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Fundi, yule ana miaka ishirini na sita." Habiba aliondoka analia, na Fikirini akahamishiwa kwa dada yake mkubwa, Mwanamkuu, nyumba ya nyuma ya soko, chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama njia. Kitimwendo alipewa, lakini kumweka juu yake kulitaka watu wawili, na ukishamtoa nje magurudumu yanazama kwenye mchanga. Kikabaki kuning'iniziwa nguo.

Mambo ya mbio za magari aliyaanzia hospitali. Ukutani mwa wodi kulikuwa na tivii, na Jumapili moja mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba iwekwe Formula One. Fikirini hakuwa anaangalia. Alikuwa chali, anahesabu mbao za dari, mpaka aliposikia wodi nzima imeguna. Gari moja lilikuwa limepaa, likajipindua, likajibamiza ukutani na kuwaka moto. Halafu katikati ya moshi akatoka mtu. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akavua kofia ya chuma, akaketi ukingoni kama abiria anayesubiri basi.

"Alitembea, Fundi," aliniambia. Alinisimulia jambo hilo labda mara hamsini, na kila mara aliishia hapo.

Sadallah, mwenyekiti wa kijiwe, ndiye aliyewakusanya madereva wakamnunulia tivii na king'amuzi. Wakakubaliana kupokezana kulipia kifurushi kila mwezi. Wakatuweka na sisi majirani kwenye zamu hiyo. Ndivyo zilivyoanza Jumapili za pale. Mbio nyingi kwa saa zetu zilianza saa kumi jioni. Watu walikuwa wakitoka kuswali alasiri, wanapitiliza kwa Fikirini, wanavua viatu mlangoni na kukaa kwenye mkeka. Dada Mwanamkuu analeta birika la chai na mihogo ya kukaanga. Wenye Simba yao walichukua magari mekundu bila kuulizana. Wa Yanga wakachukua ya kijani. Zaidi, dereva wa trekta ambaye sijawahi kumwona akikubaliana na mtu, akachukua ya rangi ya chungwa ili awe peke yake.

Fikirini hakuwa na timu. Nilidhani ni adabu ya mwenye nyumba. Siku moja nikiwa namnyoa ndevu nikamuuliza, akaniambia, "Mimi kila kitu changu nakijua. Najua saa ngapi dada atanigeuza, saa ngapi ataniosha, najua leo tunakula nini kabla hakijaiva. Jumapili saa kumi ndiyo saa pekee ambayo sijui kitakachotokea. Sitaki timu. Nataka nisijue."

Kamari aliikataa tangu mwanzo. Badala yake kulikuwa na kipande cha mbao na chaki. Kila mtu aliandika watatu wake wa kwanza, na aliyekosea kuliko wote alibeba ndoo mbili za maji kutoka bombani kumjazia Mwanamkuu pipa. Sadallah aliwahi kubeba Jumapili tatu mfululizo, mtu mzima na kitambi chake, huku wanawake wa foleni wakimuuliza lini ataolewa. Fikirini alikuwa akichungulia dirishani anacheka mpaka anashika mbavu. Miaka mitatu ilikwenda hivyo, na nathubutu kusema kwamba katika miaka ile mitatu Fikirini aliishi.

Halafu ukaja msimu wa Wabuluu.

Timu yenyewe ilikuwa na magari mawili ya buluu iliyokoza. Mbio za kwanza, mwezi wa tatu, walishika nafasi ya kwanza na ya pili. Tukasema ni mwanzo tu, wengine bado hawajakaa sawa. Mbio za pili vilevile. Za tatu vilevile. Kufika za sita, kila mtu aliandika majina yaleyale ubaoni, kwa mpangilio uleule, na kila mtu akapatia. Hapakuwa na wa kubeba maji. Mwanamkuu alitokeza kichwa mlangoni akauliza, "Leo pipa halijazwi?" Tukatazamana.

Asiyefuata mchezo huo anaweza kudhani kwamba ushindi ni ushindi. Lakini gari la buluu lilikuwa likishika usukani kwenye kona ya kwanza, baada ya raundi kumi liko mbele kwa sekunde kumi, baada ya thelathini kwa sekunde ishirini na tano, na kutoka hapo linatembea peke yake kama mtu anayewahi sokoni. Hata wapiga picha walilichoka, wakawa wanaonyesha magari ya nyuma, wanaonyesha watazamaji, wanaonyesha mawingu. Tulikuwa tunatazama barabara tupu.

Watu walianza kugombana, kwa kuwa walihitaji kitu cha kugombania.

"Wapunguzwe nguvu," alisema Zaidi. "Wafungwe mawe kwenye gari."

"Kwani wameiba?" Sadallah akamjibu. "Wametengeneza gari zuri. Wengine nao watengeneze."

"Zuri la faida gani kama linaua mchezo? Mimi nimeacha trekta shambani nije kuangalia mtu mmoja anapiga raundi sabini?"

"Basi rudi kwenye trekta lako."

Akarudi kweli. Jumapili iliyofuata Zaidi hakuja. Baada yake wakakatika wa Simba, wawili kwa mara moja, maana siku hiyo kulikuwa na mpira kwenye kibanda umiza, wanakotoza kiingilio kutazama tivii. Kisha wa Yanga. Hakuna aliyeaga. Mtu mwenyewe hajui kama ameacha. Anajiambia nitakwenda wiki ijayo, nikajue wamefikia wapi, na kila mtu tayari anajua wamefikia wapi.

Fikirini aliona chumba kinavyopungua na akaanza kuhangaika. Kwanza alituambia tuwafute Wabuluu. "Tuhesabu kwamba hawapo. Wa tatu ndiye wa kwanza wetu." Tukafanya hivyo Jumapili mbili, na maji yakabebwa. Lakini Sadallah akasema, "Fikirini, tunajidanganya. Yule mtu yuko mbele, tunamwona." Kisha Fikirini akabuni tubashiri nani atakuwa wa mwisho. Kisha nani atabadili matairi mapema. Alikuwa anapiga simu tangu Ijumaa, anampigia kila mtu, ana habari: kuna mvua inatarajiwa, Wabuluu wamebadilisha injini, safari hii barabara ni nyembamba. Nilipokea simu hizo. Nilikuwa nasema inshallah. Mara sita labda nilisema inshallah, na nikaenda mara mbili.

Mwezi wa saba alifanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka naona haya, si kwa ajili yake, bali kwa ajili yetu.

Alipiga simu kwa watu wote akasema Wabuluu wamezuiwa mbio moja, gari lao limekutwa na kasoro, na Jumapili hii hawamo. Tukaenda. Tulikuwa watu wanane, hata Zaidi, hata wale wa Simba. Mwanamkuu akakaanga mihogo sufuria zima. Mbio zikaanza, na mvua ikiwa inanyesha huko kwao, magari yanateleza kama watoto kwenye utelezi wa matope. Anayeongoza anazunguka na kutoka nje, wa tano anakuwa wa kwanza, mwekundu anampita wa kijani, wa kijani anarudi. Zaidi alikuwa amesimama juu ya mkeka. Sadallah alimkumbatia mtu wa timu nyingine bila kujua. Mwanamkuu aliacha jiko akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi.

Nilimgeukia Fikirini nimwambie kitu. Hakuwa anatazama tivii. Alikuwa anatutazama sisi.

Zilikuwa zimebaki raundi kama kumi, simu ya Sadallah ikalia ujumbe. Akausoma. Akausoma tena. Akasema polepole, "Mbona huku wanasema mbio zimekwisha? Wanasema Wabuluu wa kwanza na wa pili."

Kwenye tivii mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza. Sadallah akainama pembeni ya tivii, akaona kiflashi kimechomekwa nyuma.

"Fikirini. Hizi mbio ni za lini?"

"Za miaka kumi na miwili iliyopita," alisema Fikirini. Fundi simu wa sokoni ndiye aliyemtafutia, na ndiye aliyekuja asubuhi kumchomekea.

Hakuna aliyekasirika. Laiti mtu angekasirika. Tulikaa tukamalizia chai, tukatazama mwisho wa mbio ambazo washindi wake walikwishazeeka, kisha watu wakaanza kutafuta viatu. Zaidi ndiye aliyesema, tena kwa upole ambao si wa kawaida yake, "Ndugu yangu, ungetuambia tu tuje tukae. Tungekuja."

"Niliwaambia," alisema Fikirini. "Tangu mwezi wa tano nawaambia. Hamkuja."

Jumapili mbili zilizofuata tulikwenda. Tulikwenda kama watu waliopangiwa zamu. Tukakaa wima kwenye mkeka, kila mmoja na simu yake, gari la buluu likizunguka peke yake. Mtu akipiga miayo anaziba mdomo kwa heshima. Jumapili ya pili Fikirini akachukua rimoti akazima mbio zikiwa nusu.

"Nyie mmekuja kuhani," akasema. "Mimi sijafa. Nendeni makwenu."

Sadallah alijaribu kucheka. "Fikirini bwana, tulia, washa tuangalie."

"Nendeni, kaka Sadallah. Nawaomba kwa heshima."

Tukaondoka, na lazima niseme ukweli: nilipofika njiani nilijisikia mwepesi.

Madereva hawakuacha kulipia kifurushi. Kila mwezi kililipwa kwa simu, hakikuchelewa hata siku moja. Fikirini aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Ujumbe wa kifurushi ulikuwa unaingia, na hakuna mguu uliokuwa unaingia.

Nikawa napita dirishani asubuhi nikienda kazini. "Fikirini, umeamkaje?" "Salama, Fundi." Nami naendelea na safari yangu. Mara nyingi ilikuwa hivyo tu. Siku moja mwezi wa nane Mwanamkuu akaja kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja bila kuleta nguo. Ni mwanamke asiyependa kuomba. Alinyoosha khanga yake magotini muda mrefu.

"Fundi, ndugu yangu hali," akasema. "Anageukia ukutani kutwa. Nikimwekea chakula ananiambia ameshiba, na hajala. Yale magari yake anaangalia hivyohivyo bila sauti. Mrudieni."

"Dada, sisi hatuwezi kuyafanya yale magari mengine yakimbie."

"Sikukuomba magari," alisema Mwanamkuu.

Nilimwahidi nitakwenda. Nikaenda Jumapili moja, nikakaa saa nzima, tukazungumza habari za watu wa stendi. Aliuliza habari za kila mmoja kwa jina, mpaka kuku wa mama lishe. Nilipoaga, alisema, "Wiki ijayo?" Nikasema inshallah. Wiki iliyofuata nilikuwa na sare za shule za kushona, na iliyofuata hiyo pia.

Sasa nifike Jumapili ya mwezi wa tisa.

Mwanamkuu alikuwa amesafiri kwenda Mohoro kwenye msiba wa shemeji yake, siku mbili. Jirani, Bi Mwanajuma, alipewa kazi ya kumletea Fikirini chakula na kumgeuza. Mbio za siku hiyo zilikuwa nchi za Asia, kwa hiyo zilianza saa tisa, mapema kuliko kawaida. Mimi nilikuwa kibandani nakata kitambaa. Simu yangu ikaita, nikatazama, Fikirini. Mkono mmoja una mkasi, mwingine umeshika kitambaa. Nikasema nitampigia. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu. Nikaigeuza simu ikatazama chini, niache kuona mwanga wake.

Saa kumi na mbili nikafunga kibanda na nikapita kwake. Nilibisha, nikaitikiwa kwa sauti iliyotoka chini, kutoka sakafuni.

Alikuwa amelala kifudifudi kati ya kitanda na ukuta wa dirisha, mkono mmoja umekwama chini ya kifua, shuka limemzonga miguuni. Mpira wa mkojo ulikuwa umechomoka na sakafu ilikuwa imelowa, na kwenye maji yale kulikuwa na damu. Tivii ilikuwa inaendelea kuzungumza juu ya meza.

"Wameshindwa, Fundi," akasema.

Nikapiga magoti. "Nani wameshindwa?"

Alinitazama kwa jicho moja, lile lililokuwa juu, na nikaona kwamba swali langu limemwingia.

"Wabuluu," akasema.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba hayo ndiyo mambo ya siku ile. Nikamuuliza, "Nani kashinda?"

"Sikuona."

Alinisimulia huku nikimfuta. Tangu mwanzo magari ya buluu yalikuwa hayaendi. Yalianzia nyuma, yakabaki nyuma. Mbele alikuwepo mwekundu, na nyuma yake magari matatu yamefuatana, hayaachani hata urefu wa pikipiki. Raundi kumi za mwisho akashindwa kukaa na jambo lile peke yake. Alinipigia mimi. Alimpigia Sadallah, ambaye alikuwa na abiria njiani. Alimpigia Zaidi, simu imezimwa. Akasikia watu wanapita njiani nje, akaita, hawakusikia, maana redio ya dukani ilikuwa juu. Ndipo akajivuta kwa mikono hadi ukingoni mwa kitanda alifikie dirisha, akaushika wavu wa dirisha, wavu ukachomoka, akaenda nao chini. Pale alipoangukia, meza inaziba tivii. Raundi tano za mwisho alizisikia tu. Alimsikia mtangazaji akitaja majina haraka haraka, majina manne yanapokezana, kisha ukelele mmoja mrefu, na jina la mwisho likamezwa na kelele za watu.

"Nilikuwa nasema mtu yeyote," aliniambia. "Hata mtu asiyejua magari. Aingie tu aone."

Tulimwinua mimi na Bi Mwanajuma. Nyuma ya paja, karibu na kalio, alikuwa amechanika kwenye msumari wa kitanda. Mtu asiye na hisia hajui kwamba anaumia, kwa hiyo alilala na jeraha lile zaidi ya saa nzima bila kujua. Sadallah alikuja na bajaji tukampeleka kushonwa. Njiani Sadallah alimshika kichwa mapajani asitikiswe, na tulipofika akasema, "Nisamehe. Niliona simu." Fikirini alimjibu kwamba abiria ni kazi.

Habari zilienea stendi. Jumapili iliyofuata tulikwenda watu kumi na mmoja, watu hawakutosha kwenye mkeka, wengine wakasimama. Kila mtu alikuwa na lake: kama wameshindwa mara moja watashindwa tena, wameshtukiwa, sasa msimu umeanza. Zaidi aliandika ubaoni majina ambayo hayajawahi kuandikwa. Kwa sababu ya kidonda, Fikirini alikuwa amelazwa kifudifudi, uso upande wa ukuta, na hakuweza kuiona tivii.

Gari la buluu lilishika usukani kwenye kona ya kwanza. Kwenye raundi ya kumi lilikuwa mbele kwa sekunde tisa.

"Fundi," akasema Fikirini kutoka kitandani. "Nani yuko mbele?"

Watu wote walinigeukia. Nilijua wanachotaka niseme, na nilijua kwamba ningeweza. Asingeona. Tungeweza kupiga kelele sote pamoja mpaka mwisho, tukamtajia mshindi tunayemtaka. Nilifungua mdomo. Mwanamkuu alikuwa amesimama mlangoni na birika, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Wabuluu," nikasema.

"Mbali?"

"Mbali."

Hakuuliza tena. Kufika raundi ya thelathini watu watano walikuwa wameondoka, kimyakimya, wakibeba viatu mkononi ili asisikie. Alisikia. Mtu anayelala chumba kimoja miaka mitano anazijua nyayo za kila mtu.

Wabuluu walichukua kombe mbio nyingi zikiwa bado zimebaki. Kidonda cha Fikirini kilichimbika, kikatoa usaha, kikamrudisha hospitali mara mbili kabla ya mwaka kwisha. Mwezi wa kumi na moja alimwita Sadallah akamwambia madereva wasilipie tena kifurushi. Sadallah akauliza basi wamfanyie nini badala yake. Fikirini akasema hajui. Walimtoa siku moja kwa bajaji wakamleta kijiweni, wakamkalisha kwenye kitimwendo chini ya turubai. Kila aliyepita alisimama kumpa pole. Abiria wa zamani wa Dimani walimwangalia miguu kabla ya kumwangalia uso. Baada ya nusu saa akanigeukia mimi niliyekuwa nashona upande wa pili wa barabara, akaniashiria kwa mkono. Nikavuka. "Mwambie Sadallah anirudishe," akasema. "Usimwambie kwa nini." Mwanamkuu akaifunika tivii kwa khanga.

Mwaka mpya ukaingia. Kidonda kilifunga, kikaacha shimo linaloweza kuingia yai. Fikirini alikuwa amekonda, na maneno yake yalikuwa yamebaki machache. Mwezi wa tatu Mwanamkuu alikuja kibandani Jumamosi jioni.

"Nimesikia yale magari yanaanza kesho," akasema. "Nimelipia. Njoo unisaidie kuwasha, mimi ile mitambo siijui."

Mbio zilikuwa upande wa mashariki kabisa wa dunia, kwetu ikawa saa moja asubuhi. Niliondoa khanga, nikawasha. Fikirini aliniacha nifanye. Nilimwinua kwa mito miwili. Hapakuwa na mtu mwingine, na sikuwa nimemwita mtu. Mwanamkuu alikuja na ungo wa mchele, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuchagua mawe.

Taa za kuanzia mbio zikazimika, magari yakaondoka. Kona ya kwanza, buluu. Baada ya raundi chache Mwanamkuu aliinua macho.

"Wale wale?"

"Wale wale, dada," alisema Fikirini.

Aliendelea kuchagua. Mara mojamoja aliuliza jambo, kwa nini wanasimama, kwa nini yule amepewa bendera, na Fikirini alimjibu kwa neno moja au mawili. Mchele ulipokwisha alisimama akaenda kuubandika jikoni. Tukabaki wawili. Mtangazaji naye alikuwa ameishiwa, anasimulia habari za hali ya hewa.

Kwenye raundi ya ishirini na kitu Fikirini alifumba macho. Nikadhani amelala. Nilikuwa na suruali mbili za watu zinaningoja, nimeahidi asubuhi ileile. Nikaanza kukunja mguu ili nisimame.

"Fundi," akasema, macho bado yamefumba. "Nipo macho. Usiondoke."

Nikakunjua mguu, nikakaa. Zilikuwa zimebaki raundi thelathini na nne.